Mkurugenzi anataka niandike barua za onyo zenye tarehe za nyuma

Shikamoo Mshauri,

Nakuandikia nikiwa nimebanwa na muda. Nilikuwa karani wa uhasibu katika kampuni inayosambaza bidhaa za majumbani. Tulipokuwa watu ishirini hivi, mambo yote ya wafanyakazi yalikuwa mikononi mwa mkurugenzi: anaajiri yeye, mshahara anapanga yeye, ruhusa unaomba kwake, na akikuchoka anakuambia usije kesho. Sasa tumepita sabini, tuna maghala mawili na magari kadhaa, na mwanzoni mwa mwaka huu aliniita akaniambia, "Kuanzia leo mambo ya rasilimali watu ni yako." Sikupewa barua ya uteuzi wala maelezo ya majukumu. Nilipewa ufunguo wa kabati la mafaili.

Wiki iliyopita mkuu wa ghala alimshitaki mtunza ghala mmoja kwa mkurugenzi. Anasema kwa miezi kadhaa mali iliyo ghalani hailingani na leja, na yeye amechoka. Nikaagizwa niandae barua ya kumwachisha kazi, iwe mezani Ijumaa. Nilipofungua faili lake nilikuta nakala ya kitambulisho, barua ya kuomba kazi na picha mbili za pasipoti. Mkataba hakuna, onyo hakuna, na huu ni mwaka wake wa nne. Nilipomweleza mkurugenzi, alisema niandike barua mbili za onyo, moja niipe tarehe ya miezi mitatu nyuma na nyingine ya mwezi jana, nizitie kwenye faili, halafu ndiyo niandike ile ya kumwachisha. Akaniuliza, "Si utaratibu unataka onyo mbili? Basi zitakuwepo." Tangu siku hiyo sipati usingizi.

Huyo kaka si rafiki yangu, lakini ofisi yangu inatazamana na ghala na ninaona. Tangu tuanze kupokea mali mpaka usiku, anaingia saa moja asubuhi na kutoka saa mbili usiku, anapokea na kutoa mali peke yake. Gari likija akiwa ameshaondoka, mlinzi ndiye anayefungua na kushusha.

La pili ni makarani wawili wa mauzo. Dada yuko hapa mwaka wa tano, kaka aliingia mwaka jana. Kazi ni moja, meza zimetazamana. Hati ya mshahara ya kaka ilisahaulika kwenye mashine ya kuchapa, dada akaiokota. Kaka anamzidi karibu theluthi. Alikuja kwangu analia, sikujua la kumwambia. Mkurugenzi anasema yule kijana alijua kujieleza kwenye usaili, na kwamba yeye mtu akiingia mlangoni tu anamjua.

La tatu ni mimi mwenyewe. Wenzangu niliokuwa nakula nao mchana sasa nikiingia wananyamaza. Wengine wananifuata koridoni, wananiambia "hii usimwambie mtu", kisha wananitwisha mambo mazito. Nipo upande wa nani? Na kwa kuwa sikusomea kazi hii, nianzie wapi?

Mwenye Ufunguo wa Kabati

*

Marahaba, mdogo wangu.

Naanza na Ijumaa kwa kuwa hiyo haisubiri. Hizo barua mbili usiziandike. Barua ya onyo yenye tarehe ya uongo ni hati ya kughushi, na atakayeulizwa habari zake ni yule aliyeiandaa. Shauri la kuachishwa kazi likifika mbele ya wasuluhishi au mahakama ya kazi, maswali ya mwanzo huwa mepesi kabisa: barua hii alikabidhiwa lini, nani alikuwepo, saini yake ya kupokea iko wapi, alijibu nini? Kompyuta yenyewe huhifadhi siku faili lilipotengenezwa. Zaidi ya yote, yule mtunza ghala anajua fika kwamba hakuonywa, na wafanyakazi wenzake wanajua. Kampuni ambayo ingeweza kuwa na hoja ya kweli kuhusu upotevu wa mali itakuwa imeiua hoja hiyo kwa mikono yake.

Lakini usiingie kwa mkurugenzi ukiwa na "hapana" tupu. Aliyekujengea hofu hii naye ana hofu yake: mali inapotea, na anataka iache kupotea. Mwambie hivi, kwa maneno yako: "Mkurugenzi, kama huyu mtu ana kosa nataka tumwajibishe kwa namna ambayo hatutashindwa baadaye na kulipa fidia. Kwa karatasi zilizopo leo tutashindwa. Nipe wiki mbili nikuletee ukweli wa ghala na utaratibu uliokamilika, kisha uamue." Baada ya mazungumzo, siku hiyohiyo, mwandikie baruapepe fupi yenye ushauri huohuo, bila kulaumu, na ubaki na nakala. Ukilazimishwa tena, jibu linabaki lilelile kwa sauti ileile: kazi ya kuandaa utaratibu wa nidhamu nitaifanya, kuandika tarehe isiyo ya kweli siwezi. Najua kulitamka hilo mbele ya mtu anayekulipa mshahara kunahitaji moyo. Hata hivyo ukiandika mara moja utaombwa tena, na safari ya pili hutakuwa na pa kusimama.

Sasa nikueleze ni kitu gani sheria hutafuta. Mwaka 1982 Shirika la Kazi Duniani lilipitisha Mkataba namba 158 kuhusu kusitisha ajira. Si nchi zote zilizouridhia, ila mawazo yake mawili makubwa utayakuta katika sheria za kazi za nchi nyingi. Wazo la kwanza ni kwamba mwajiri awe na sababu ya msingi, na sababu hiyo itokane na uwezo wa mfanyakazi, mwenendo wake, au mahitaji ya uendeshaji wa shughuli. La pili ni kwamba mtu asiachishwe kwa sababu ya mwenendo au utendaji wake kabla hajapewa nafasi ya kujitetea dhidi ya tuhuma zenyewe. Sheria ya nchi yako ndiyo itakayokupa muda wa notisi, malipo ya mwisho na hatua za kikao. Itafute, anza na sura ya kusitisha ajira, isome mwenyewe mpaka uielewe, usitegemee kusimuliwa.

Angalia pia kwamba uwezo na mwenendo ni vitu viwili. Asiyeweza na asiyetaka hawatendewi sawa. Anayeiba au anayepuuza maelekezo kwa makusudi anaitwa kwenye kikao cha nidhamu. Anayekosea kwa sababu hakufundishwa, kazi imemzidi au vifaa havitoshi, anaelekezwa, anapewa lengo na muda, anasaidiwa, ndipo anapimwa tena. Mkuu wa ghala hajasema ni lipi kati ya hayo. Amesema amechoka, na kuchoka kwa mkubwa si sababu ya kumwachisha mtu kazi.

Katika barua yako uliandika jambo moja kama la kupita tu, nami naliona ndilo kiini. Mtu mmoja anapokea na kutoa mali peke yake, saa kumi na tatu kwa siku, na akiondoka mlinzi anashusha mzigo. Wewe umetoka uhasibu, hili hulihitaji kufundishwa: anayepokea na anayetoa wakiwa mtu mmoja, bila wa kuhakiki, tofauti ya leja haimwelekezei mtu yeyote kidole. Inaweza kuwa wizi, inaweza kuwa uchovu, inaweza kuwa katoni zilizoshushwa gizani na mtu asiyejua kusoma hati ya kupokelea. Kuhusu saa hizo, mkataba wa kwanza kabisa wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1919, uliweka kikomo cha saa 8 kwa siku na 48 kwa wiki viwandani. Zaidi ya miaka 100 imepita tangu wakati huo. Kampuni inayomweka mtu saa kumi na tatu kila siku na kumlaumu kwa kukosea hesabu ina swali la kujibu kabla ya yeye kujibu lake, na nisingependa mkurugenzi alisikie swali hilo kwa mara ya kwanza kutoka kwa wakili wa upande wa pili.

Kwa hiyo kabla ya kikao chochote, nenda ghalani. Chukua tarehe tatu au nne ambazo hesabu haikulingana. Kwa kila tarehe linganisha hati ya kupokelea, leja na kitabu cha mlangoni cha mlinzi. Tazama saa gari lilipoingia na ni nani aliyesaini. Ukikuta tofauti nyingi zinaangukia mizigo ya usiku, umepata jibu ambalo hakuna barua ya onyo ingeweza kukupa. Ukikuta zinaangukia saa zake za kazi, unazo sasa tuhuma zenye tarehe, bidhaa na idadi, na hizo ndizo zinazoandikwa kwenye barua ya kumtaka ajieleze. Mpe muda wa kutosha kujibu, aruhusiwe kuja na mwenzake au mwakilishi wa chama cha wafanyakazi kama kipo, mwandike muhtasari wa kikao, na mwamuzi asiwe mkuu wa ghala aliyeleta mashitaka.

Utakapozungumza naye, zungumza kuhusu kazi. Mwaka 1996 Avraham Kluger na Angelo DeNisi walipitia tafiti nyingi kuhusu kumweleza mtu jinsi anavyofanya kazi, wakakuta kwamba katika zaidi ya theluthi moja ya matukio utendaji ulishuka baada ya maelezo hayo. Madhara yalielekea kutokea pale maneno yalipomgusa mtu mwenyewe badala ya kazi iliyo mbele yake. Kati ya "wewe huna umakini" na "tarehe kumi na mbili hati inasema katoni arobaini, leja inasema thelathini na sita, tusaidiane kujua nne zilikwenda wapi", ni hilo la pili tu ambalo mtu anaweza kulifanyia kitu.

Umeniuliza uanzie wapi. Wengi wangekuambia anza na mafaili. Mimi nasema anza na kazi zenyewe. Hapo kwenu hakuna mahali palipoandikwa mtunza ghala anatakiwa kufanya nini, na ndiyo maana hakuna anayeweza kusema ameshindwa nini. Hakuna palipoandikwa karani wa mauzo anafanya nini, na ndiyo maana mshahara wake unapangwa kwa ulimi. Wewe mwenyewe hujaandikiwa kazi yako, na ndiyo maana uliagizwa kughushi kana kwamba ni sehemu ya kazi. Kuajiri, kufundisha, kulipa, kupima, kuonya na kupandisha cheo vyote vinaning'inia kwenye swali moja: kazi hii ni ipi? Lisipojibiwa, kila uamuzi utakaofanya juu ya mtu utakuwa ni uamuzi juu ya sura yake, ukoo wake au siku aliyokuudhi.

Namna ya kulijibu ni hii. Usinakili maelezo ya kazi ya kampuni nyingine kutoka kwenye intaneti. Kaa na mwenye kazi nusu siku, umtazame akifanya. Muulize: asubuhi unaanza na nini? Nani hukuletea kazi, na ukimaliza inakwenda kwa nani? Uamuzi gani unaufanya bila kuuliza? Usipokuja siku mbili, nini kitaharibika? Kisha kaa na mkuu wake umuulize maswali hayohayo. Majibu yao yatatofautiana, na hapo walipotofautiana ndipo ugomvi wenu wa kila mwezi unapotoka. Wakalishe pamoja wakubaliane, ndipo uandike ukurasa mmoja.

Ukurasa wa mtunza ghala unaweza kusomeka hivi: hupokea mali kwa kuihesabu mbele ya dereva na kusaini hati ya kupokelea, huingiza idadi kwenye leja siku hiyohiyo, hatoi mali bila hati iliyoidhinishwa na ofisi ya mauzo, huhesabu sehemu ya ghala kila wiki pamoja na karani wa uhasibu, huripoti tofauti kwa mkuu wa ghala ndani ya siku moja kwa maandishi, anawajibika kwa mali iliyopokelewa katika zamu yake. Ona sentensi hiyo ya mwisho inavyomlinda yeye na kuilinda kampuni kwa pamoja. Mzigo wa usiku unakuwa na mwenyewe, ama mnaajiri wa zamu ya jioni ama magari yanapangiwa saa nyingine. Usiandike "na kazi nyingine atakazopangiwa" ukaishia hapo, maana mstari huo peke yake hubeba kazi zote duniani na hauelezi hata moja.

Anza na kazi zenye watu wengi au zenye moto: ghala, mauzo, madereva. Nyingine zitafuata kwa miezi kadhaa, wala si aibu. Ya kwako iandike mapema, upeleke kwa mkurugenzi aitie saini.

Mafaili nayapitia haraka. Kila mtu awe na mkataba uliosainiwa, maelezo ya kazi, vyeti, jina la wa kuarifiwa likitokea jambo, kumbukumbu za likizo, tathmini, na barua za nidhamu pamoja na majibu yake mwenyewe. Habari za ugonjwa zikae bahasha tofauti. Kabati lifungwe. Waliofanya kazi miaka bila karatasi waandikiwe mikataba ya leo yenye tarehe ya leo, inayotambua ndani yake kwamba mtu alianza kazi siku fulani. Hiyo ni kweli, nayo haina shida yoyote.

Tuje kwa dada wa mauzo. Alilia kwa haki. Mkataba namba 100 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1951, unadai malipo sawa kwa wanaume na wanawake kwa kazi yenye thamani sawa, nao umeridhiwa na nchi nyingi mno. Kwamba mwanamume alijua kujieleza vizuri siku ya usaili si thamani ya kazi. Zipo tofauti za mshahara zinazokubalika: miaka kazini, ujuzi wa ziada unaotumika kweli kwenye kazi hiyo, matokeo yaliyopimwa kwa kipimo kilekile kwa wote. Kwa kinachosemwa kwenye barua yako, cha kwanza kinaegemea upande wa dada, cha pili hukukitaja, na cha tatu hakuna dalili kwamba kimewahi kupimwa.

Usifikirie kushusha mshahara wa kaka ili walingane. Kukata mshahara wa mtu bila ridhaa yake ni kuvunja mkataba, na yeye hajakosea kitu. Peleka kwa mkurugenzi pendekezo la kumpandisha dada, kwa mkupuo mmoja au kwa hatua mbili zenye tarehe. Kisha panga ngazi za mishahara ili jambo hili lisizaliwe upya. Chukua kazi zote mlizo nazo na uziweke kwa daraja kwa kutazama mambo manne: ujuzi unaohitajika, uzito wa wajibu, juhudi za mwili na akili, na mazingira ya kufanyia kazi. Unapima kazi, jina la anayeifanya ulifunike. Zinazokaribiana ziwe ngazi moja, na kila ngazi iwe na kima cha chini na cha juu. Mgeni anayejua kujieleza ataweza kupigania nafasi ndani ya ngazi, hataweza kuiruka. Fanya zoezi hili na wakuu wa idara watatu au wanne, usilifanye peke yako, la sivyo kila anayeona amepangwa chini atakuja mlangoni kwako.

Mzizi wa tofauti ile ni usaili, na hapa naomba nikae kidogo kwa sababu makosa ya kuajiri ndiyo huleta nusu ya kesi za nidhamu nilizoziona. Mkurugenzi wako anaamini jicho lake. Wakubwa wengi wazuri huamini hivyo. Lakini tangu mwaka 1920 mwanasaikolojia Edward Thorndike alionyesha, kwa kutumia tathmini ambazo maofisa wa jeshi waliwafanyia walio chini yao, kwamba mtu akikupendeza kwa sifa moja unampa alama za juu kwenye sifa nyingine ambazo hata hujaziona. Mwonekano mzuri unageuka kuwa akili, akili inageuka kuwa uaminifu. Kijana mwenye ulimi mwepesi anaonekana atauza vizuri na kutunza kumbukumbu vizuri, ilhali kutunza kumbukumbu hakuna uhusiano na ulimi.

Mwaka 1998 Frank Schmidt na John Hunter walikusanya matokeo ya tafiti za miaka 85 kuhusu njia za kuchagua wafanyakazi. Usaili wa kupiga soga ulizidiwa na usaili uliopangwa, na kumpa mwombaji kipande cha kazi yenyewe akifanye kulikuwa miongoni mwa njia bora. Idadi ya miaka ya uzoefu peke yake ilitabiri kidogo sana. Paul Sackett na wenzake walipopiga hesabu upya mwaka 2022 makadirio mengi yalishuka, lakini usaili uliopangwa ulitoka ukiwa mbele.

Usaili uliopangwa hauhitaji fedha. Maswali yanatoka kwenye ule ukurasa wa kazi, kila mwombaji anaulizwa yaleyale kwa mpangilio uleule, wasaili wawili au watatu wanatoa alama kila mmoja kivyake kabla ya kuzungumza, na jibu zuri ni lipi mmekubaliana kabla hamjaingia chumbani. Kwa karani wa mauzo, mwekee oda tatu za wateja zenye kosa moja lililofichwa, umpe dakika ishirini aziingize. Utajua mengi kuliko kwa kumuuliza udhaifu wake ni nini. Mkurugenzi aendelee kuwa na neno la mwisho, ila achague kati ya wawili au watatu waliopita kwenye chujio hilo. Ndugu wa mtu akiomba kazi apite humohumo, na mwenye undugu naye asikae kwenye meza ya usaili.

Sasa upande wako. Nitakujibu waziwazi: umeajiriwa na kampuni, na kazi yako ni kuiwezesha kampuni kufanya shughuli zake kupitia watu wake bila kuwaumiza. Wewe si mwakilishi wa wafanyakazi, hao wana haki ya kuwa na wa kwao. Wala si sikio la mkurugenzi. Kazi hii ilizaliwa katika kujali: mwaka 1913, mjini York, Uingereza, ambako familia ya Rowntree ilikuwa na kiwanda cha chokoleti, walioshughulikia ustawi wa wafanyakazi viwandani waliunda chama chao, na chama hicho ndicho kilichokuja kuwa taasisi kubwa ya fani hii nchini humo. Tangu mwanzo mtu wa nafasi yako amekuwa akilipwa na mmoja na kutazamwa kwa matumaini na wengi. Hali hiyo haitakwisha, utaizoea. Kitakachokupa heshima ni wote kujua utafanya nini kabla hujafanya.

Na hili lina sehemu ngumu, nayo ni kuwaachia wakuu wa idara kazi yao. Mkuu wa ghala ndiye anayepaswa kuzungumza na watu wake kila wiki, kuwapangia, kuwasifu, kuwakosoa. Akikuletea mtu umfukuze ilhali hajawahi kukaa naye hata robo saa, mrudishe akakae naye kwanza, umpe karatasi ya kuandika walichokubaliana. Tathmini ya mwisho wa mwaka isiyotanguliwa na mazungumzo hayo haina faida, na kwa sasa nisingekushauri uianzishe. Anza na mazungumzo ya kila mwezi, ya nusu saa, yenye mistari mitatu iliyoandikwa na kusainiwa na wote wawili.

Wanaokufuata koridoni wakaribishe ofisini, uweke saa maalumu za kuonana na watu. Mtu akianza kwa "usimwambie mtu", msimamishe kwa upole kabla hajaendelea, umwambie: "Nitatunza siri ya unachoniambia, isipokuwa kama kuna mtu anaumizwa, ananyanyaswa au yuko hatarini, au kuna mali inaibiwa. Hapo itanibidi nichukue hatua, na nitakuambia kabla ya kuichukua." Wengine watanyamaza na kuondoka, wana haki hiyo. Ila akikueleza habari za kusumbuliwa kingono au kupigwa, huna hiari ya kukaa kimya. Mkataba namba 190 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 2019, unahusu ukatili na unyanyasaji kazini, na ni wajibu wa mwajiri kuzuia na kushughulikia. Andika alichosema kwa maneno yake, msomee, mwambie siku utakayompa jibu, na siku hiyo umpe jibu hata kama ni kwamba bado unafuatilia.

Dada wa mauzo mwite kesho, usisubiri mkurugenzi aamue. Usimwahidi nyongeza ambayo huna mamlaka nayo, na usimwambie mshahara wa mwenzake ni siri kwani ameshauona. Mwambie kwamba umelichukua lalamiko lake kwa uzito, kwamba unaandaa pendekezo la maandishi, na kwamba utamrudishia jibu tarehe fulani. Muombe alete lalamiko hilo kwa maandishi, umpe nakala yenye muhuri wa kupokelewa na tarehe ya siku hiyo.